Kutegemeka na Kutegemeana: Uhakiki wa Dhana ya Uhai wa Mitambo kwa Mfano wa Nzilo

1.0 Utangulizi

Uundaji wa istilahi za sayansi katika Kiswahili umejadiliwa kwa muda mrefu, na sehemu kubwa ya mjadala huo imehusu njia: je, neno likopwe, litafsiriwe, au linyumbuliwe kutokana na mzizi uliopo? Swali ambalo huulizwa kwa nadra ni hili: je, istilahi iliyochaguliwa inamsaidia msomaji kuona upungufu uliomo ndani ya dhana yenyewe, au inamficha?

Makala haya yanahakiki tawi moja la uhandisi kwa kuanzia katika lugha. Tawi lenyewe ni utafiti kuhusu kutegemeka na umri wa mifumo yenye sehemu nyingi: mashine, njia za umeme, migodi, na kila kitu ambacho kufanya kazi kwake kunahitaji sehemu nyingine nyingi zifanye kazi. Hoja inayotetewa ni kwamba mzizi wa Kiswahili -tegemea- unabeba pamoja mambo mawili ambayo hesabu za msingi za tawi hilo zimeyatenganisha, yaani kutegemeka na kutegemeana. Na kwamba kuyatenganisha kumekuwa na gharama kubwa. Ushahidi unachukuliwa kutoka Nzilo na Kolwezi, katika ukanda wa shaba wa Lualaba, nchini Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, mahali ambapo Kiswahili kimekuwa lugha ya kazi migodini kwa muda unaokaribia karne moja.

2.0 Uaminifu, Uimara au Kutegemeka?

Wahandisi huifafanua dhana hii kwa mambo manne: ni uwezekano wa kitu kutimiza kazi yake, bila kuharibika, kwa muda uliotajwa, katika mazingira yaliyotajwa. Likikosekana moja kati ya hayo manne, fasili huanguka. Kusema kwamba mashine fulani "ni nzuri" si kusema chochote, mpaka itajwe ni kwa kazi gani, kwa muda gani na mahali gani.

Waandishi wa Kiswahili wanaoigusa dhana hii hutumia maneno kadhaa. Wapo wanaosema uaminifu au kuaminika. Neno hili lina kasoro moja ya msingi: uaminifu ni tabia ya mtu. Mwaminifu aliahidi, na asiye mwaminifu alivunja ahadi. Mashine haikuahidi chochote. Anayeiita mashine "isiyoaminika" huwa ameanza kutafuta mkosaji kabla ya kutafuta sababu. Wapo wanaosema uimara. Lakini uimara ni hali ya leo ya kitu kimoja, hali kutegemeka ni jambo la muda na la kazi: kikombe cha kioo kisichotumika hukaa kabatini miaka arobaini bila ya kuwa imara. Wapo pia wanaosema kudumu. Jiwe hudumu, ila hakuna kazi linaloifanya.

Neno kutegemeka linayashinda hayo kwa sababu halikamiliki bila pande mbili. Kitu hutegemeka kwa anayekitegemea. Ndani ya neno kuna mzigo, kuna anayeuweka na kuna anayeubeba. Aidha, methali za Kiswahili zimekwisha kuupima mzizi huu kwa pande zote mbili. Mtegemea nundu haachi kunona; lakini mtegemea cha nduguye hufa maskini. Methali ya kwanza inasifu tegemeo zuri, na ya pili inaonya kwamba anayetegemea ameufunga umri wake katika umri wa mwingine. Msomi wa uhandisi angeweza kuanza somo lake la kwanza kwa methali hizo mbili.

Unyambulishaji nao unafanya kazi ambayo lugha nyingi huhitaji maneno mbalimbali kuifanya. Kutegemewa ni kubebeshwa mzigo. Kutegemeka ni kuweza kuubeba. Kutegemeza ni kumwekea mwingine mhimili. Kutegemeana ni kubebana. Na utegemezi ni hali ya asiyeweza kusimama peke yake, neno ambalo wasomi wa uchumi wa siasa wa Dar es Salaam walilizoea sana katika miaka ya 1970.

Lugha ya mafundi inaongeza tofauti nyingine yenye manufaa. Fundi husema injini imechoka, na baadaye husema imekufa. Huko Katanga hutumika pia neno pane, lililotoka katika Kifaransa. Kuchoka kunasimulia historia: kitu kilichofanya kazi jana hakiko sawa na kitu kipya. Kufa ni mwisho. Pane ni kusimama ambako kunaweza kufuatwa na kuamka. Utafiti wa kitaaluma nao hugawa mifumo kati ya ile inayotengenezeka na ile isiyotengenezeka, na hesabu zake ni tofauti. Fundi wa Kolwezi aliukuta mgawanyo huo umo tayari katika msamiati wake.

3.0 Hesabu na Sharti Lake

Hesabu ya msingi ni nyepesi. Chungu hukaa juu ya mafiga matatu, na jifya moja haliinjiki chungu. Ikiwa kila figa lina uwezekano wa 0.9 wa kubaki mahali pake, uwezekano wa chungu kusimama ni 0.9 mara tatu kwa kuzidishana, yaani 0.729 tu. Huo ndio mfumo wa mfuatano: wote au hakuna. Nyumba yenye mitungi miwili ya maji, kwa upande mwingine, haikosi maji mpaka mitungi yote miwili ivunjike. Ikiwa kila mmoja una uwezekano wa 0.9 wa kusalimika, nyumba ina 0.99 ya kubaki na maji. Huo ndio mfumo sambamba. Kati ya hiyo miwili ipo mifumo inayohitaji sehemu kadhaa kati ya zilizopo, kama vile kituo cha umeme kinachohitaji angalau mashine tatu kati ya nne.

Hesabu zote hizo zina sharti moja: kwamba kuvunjika kwa mtungi mmoja hakubadilishi chochote kuhusu mtungi wa pili. Katika masomo ya hisabati matukio ya namna hiyo huitwa mara nyingine matukio huru. Neno hilo ni zuri mno kwa sharti lenyewe, kwa maana linalifanya lionekane kama heri. Matukio yasiyotegemeana ndilo jina lililo wazi zaidi, kwa sababu linamlazimisha msomaji aulize: ni kweli hayategemeani? Mitungi miwili iliyowekwa juu ya kigoda kimoja huanguka pamoja.

Haki inadai isemwe kwamba watafiti hawakuwa vipofu. H. E. Daniels, mwaka 1945, alichunguza fungu la nyuzi zinazobeba mzigo kwa pamoja, ambapo uzi mmoja ukikatika waliosalia hubeba zaidi. J. E. Freund, mwaka 1961, alieleza mfumo wa sehemu mbili ambamo kufa kwa moja hubadilisha mwendo wa kufa wa nyingine. A. W. Marshall na I. Olkin, mwaka 1967, walieleza pigo moja linaloweza kuua sehemu kadhaa kwa wakati mmoja. Maarifa yapo. Linalohakikiwa hapa ni mpangilio wa somo: kutotegemeana hufundishwa kama kanuni, na kutegemeana kama jambo la pekee linalokuja katika sura za mwisho. Katika mitambo ya kweli, hasa mitambo ya nchi iliyojengwa kwa ajili ya kuchimba na kusafirisha, mpangilio huo uko kinyume.

4.0 Nzilo na Mto Mmoja

Kituo cha Nzilo kiko juu ya mto Lualaba, kaskazini ya Kolwezi, mahali ambapo mto huo unaingia katika magenge. Kilijengwa na kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga mwanzoni mwa miaka ya 1950, na kiliitwa Delcommune kwa jina la mpelelezi wa Kibelgiji. Kina mashine nne, na uwezo wake wa usanifu ni megawati 108. Chini yake, juu ya mto huo huo, kampuni iliongeza kituo cha Le Marinel katika nusu ya pili ya miaka hiyo ya 1950, ambacho leo huitwa Nseke, chenye megawati 248. Vituo viwili vya kale zaidi, Mwadingusha cha mwaka 1930 na Koni cha mwaka 1950, viko juu ya mto Lufira.

Ikichukuliwa kwa mfano tu kwamba kila mashine ya kituo chenye mashine nne ina uwezekano wa 0.9 wa kuwa tayari siku fulani, hesabu ya kitabu inatoa matokeo ya kufurahisha. Uwezekano wa kuwa na angalau mashine moja ni 0.9999. Uwezekano wa kuwa na angalau tatu ni karibu 0.95. Lakini mashine zote nne hunywa maji ya ziwa moja, hupeleka umeme katika njia zile zile, na husubiri vipuri kutoka ghala moja. Ikiwa hayo ya pamoja yana uwezekano wa 0.95 tu wa kuwa sawa, basi ile 0.9999 hushuka mara moja kuwa karibu 0.95, na hata zikiongezwa mashine kumi haitapanda tena. Kuongeza mashine bila kuongeza mahali pa kuegemea ni kuongeza mitungi juu ya kigoda kile kile.

Nzilo na Nseke zinaonyesha pia kwamba kutegemeana kuna daraja. Mashine za Nzilo zikisimama, maji yanaweza kupitishwa pembeni na Nseke ikaendelea na kazi. Kwa upande huo vituo viwili ni mitungi miwili ya kweli. Lakini ukame ukiupata Lualaba, huvipata vyote viwili, pamoja na kituo kipya cha Busanga cha megawati 240 kilichoanza kazi juu ya mto huo katika miaka hii ya 2020. Ndiyo kusema, vitu hivyo hivyo haviwezi kuitwa "vinategemeana" au "havitegemeani" kwa ujumla. Ni lazima litajwe jambo vinalotegemeana kwalo.

5.0 Njia ya Inga hadi Kolwezi

Mwaka 1982 ilikamilika njia ya umeme ya mkondo mnyoofu, yaani mkondo usiogeuka upande, kutoka Inga karibu na mlango wa mto Kongo hadi Kolwezi, umbali wa takriban kilomita 1,700. Ilikuwa miongoni mwa njia ndefu kabisa za aina yake duniani. Katika michoro njia hiyo ilikuwa nyongeza ya mito ya mkoa wa Shaba, kama Katanga ilivyoitwa kati ya 1971 na 1997: mtungi wa pili kando ya wa kwanza.

Kwa ndani, hata hivyo, njia yenyewe ni mafiga. Kila mnara lazima usimame. Ikiwa, kwa mfano, kila kilomita moja ina uwezekano wa 0.999 wa kupita mwaka bila hitilafu, jambo ambalo mhandisi yeyote angelipongeza, kilomita 1,700 zina uwezekano wa 0.18 tu wa kupita mwaka huo salama. Wahandisi waliyajua hayo, na ndiyo maana njia ya namna hiyo haiwezi kuishi bila ya vikosi vya matengenezo vilivyotawanywa kutoka mwisho hadi mwisho. Hapo hesabu inaacha kuwa ya vyuma na inakuwa ya barabara, mishahara na mafuta ya magari.

Liko jambo jingine. Mkondo mnyoofu haugawiki kwa urahisi njiani, na vijiji ambavyo minara ilipita juu yake havikupata umeme. Imeripotiwa mara nyingi kwamba vyuma vya minara vilifunguliwa na kuchukuliwa kwa matumizi mengine. Katika msamiati wa uaminifu, tukio hilo lina jina moja, wizi, na uchunguzi unakwisha hapo. Katika msamiati wa kutegemeka, swali linaendelea: mnara ule unategemea kuachwa na jirani yake, na jirani huyo hautegemei kwa lolote. Uhusiano ni wa upande mmoja. Mhandisi aliyeandika "mazingira yaliyotajwa" katika fasili yake alitaja upepo, radi na kutu. Hakumtaja mtu anayeishi chini ya nyaya.

Wapo wakosoaji waliosema tangu mapema kwamba mradi ulikuwa na lengo la kisiasa: kuyaweka migodi ya jimbo lililojitenga kati ya 1960 na 1963 chini ya swichi iliyoko mbali. Lengo lolote liwalo, tokeo linaonekana. Baada ya Nseke, ukanda wa shaba haukupata kituo kingine kikubwa cha mto wake mwenyewe mpaka Busanga. Mtungi wa pili ulikuwa sababu ya kutochonga kigoda cha pili.

6.0 Nguzo za Kamoto na Mafundi wa Kolwezi

Mfano ulio mzito kuliko yote uko chini ya ardhi. Katika mgodi unaochimbwa kwa vyumba na nguzo, mwamba unaoachwa bila kuchimbwa ndio unaobeba paa. Kila nguzo hubeba sehemu yake. Nguzo moja ikilegea, mzigo wake haupotei. Unahamia kwa jirani, ambaye sasa anabeba zaidi ya alichopimiwa. Hizo ni nyuzi za Daniels zilizogeuzwa kuwa mawe. Mnamo Septemba 1990 sehemu kubwa ya katikati ya mgodi wa Kamoto, karibu na Kolwezi, iliporomoka. Kamoto ulikuwa miongoni mwa migodi muhimu kabisa ya Gécamines, kampuni ya taifa iliyorithi mali ya Union Minière.

Pigo hilo halikukaa mgodini. Umeme wa Nzilo na Nseke ulikuwapo kwa ajili ya shaba, na fedha za kununua vipuri zilitoka katika shaba. Migodi ilihitaji pampu, pampu zilihitaji umeme, umeme ulihitaji vipuri, vipuri vilihitaji shaba. Gécamines, iliyokuwa ikitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka katika miaka ya 1980, ilishuka chini ya tani 50,000 ilipofika mwaka 1994. Mashine iliyotegemewa na nyingine ilikuwa nayo inaitegemea hiyo nyingine. Huo si mfuatano wala si usambamba. Ni duara, na vitabu vya mwanzo havina mchoro wake.

Lakini duara hilo lilikuwa na sehemu moja ambayo haikuandikwa katika orodha yoyote ya vipuri. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1920 Union Minière iliwaleta wafanyakazi kutoka Kasai na kwingineko na kuwakalisha pamoja na familia zao. Watu hao walikutana katika Kiswahili, na Johannes Fabian katika kitabu chake cha mwaka 1986 ameonyesha jinsi lugha hiyo ilivyofungamana na utawala wa kazi katika Katanga. Maelekezo ya mitambo yaliandikwa kwa Kifaransa. Lakini sauti ya mashine inayoanza kuchoka, namna ya kuishika valvu inayokwama, siku ambayo maji ya ziwa huleta takataka: hayo fundi alimweleza fundi kwa mdomo, na kwa Kiswahili.

Mnamo 1992 na 1993 watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa katika mkoa wa Shaba kwa uchochezi wa kisiasa. Familia zilizozaliwa Likasi na Kolwezi zilisubiri treni katika vituo kwa majuma, na wengi walikufa. Idadi yao ilifika mamia ya maelfu, na miongoni mwao walikuwamo mafundi na wasimamizi wa Gécamines. Ubaya wa tendo hilo hauhitaji hesabu ya uhandisi ili uthibitike. Hata hivyo, uhandisi una la kujifunza hapo. Kwa istilahi ya Marshall na Olkin, hilo lilikuwa pigo moja lililoangusha sehemu nyingi kwa wakati mmoja, na hakuna mtungi wa pili uliokuwa umewekwa. Fundi aliyefukuzwa aliondoka na sehemu ya umri wa mashine. Chuma kilibaki Kolwezi, lakini kutegemeka kwake kulipanda treni.

7.0 Pingamizi na Majibu

Pingamizi la kwanza ni la wanaistilahi. Kanuni yao inataka dhana moja iwe na neno moja, na kurundika dhana tano juu ya mzizi mmoja kunaweza kuleta utata. Kanuni ni sahihi, lakini haijavunjwa. Viambishi vya Kiswahili vinatenganisha -tegemeka, -tegemewa, -tegemeza na -tegemeana kwa uwazi usio na shaka. Kinachoshirikiwa ni mzizi, na kushirikiwa kwa mzizi kunasema kweli: dhana hizo ni za jamaa moja.

Pingamizi la pili ni la wahandisi: kwamba kumhesabu jirani wa mnara na fundi aliyefukuzwa ni kuingiza siasa katika hesabu. Jibu ni kwamba fasili yao wenyewe inadai mazingira yatajwe. Mazingira ya Kolwezi ni pamoja na vita vya Mei 1978, vilivyowakimbiza mafundi wa kigeni. Uporaji wa mwaka 1991. Na ufukuzaji wa 1992 na 1993. Anayeyaacha hayo nje hapati hesabu safi zaidi, bali hesabu ya mahali pengine.

Pingamizi la tatu ndilo zito zaidi. Ikiwa kila kitu kinategemea kila kitu, hesabu haiwezekani, na mhandisi hana budi kuanzia mahali fulani. Hili linakubalika. Kutotegemeana kunaweza kubaki hatua ya kwanza ya somo, alimradi kuitwe kwa jina lake, kuwa ni dhana ya kurahisisha, na alimradi mwanafunzi aoneshwe mapema orodha ya vigoda: maji, njia, ghala, fedha, watu. Mtu huziba ufa anaouona. Asiyeuona hujenga ukuta.

8.0 Hitimisho

Matengenezo yamerudi katika ukanda wa shaba. Mashine sita za Mwadingusha zilikamilika kufanywa upya mwaka 2021 kwa ushirikiano wa shirika la umeme la SNEL na wawekezaji wa madini, na Kolwezi, mji mkuu wa jimbo la Lualaba tangu mwaka 2015, unachimba shaba na kobalti kwa wingi kuliko wakati wowote wa nyuma. Vyuma vipya vinakuja na vitabu vyake, kwa Kiingereza, Kifaransa na Kichina. Mazungumzo ya zamu yanabaki kuwa ya Kiswahili.

Kwa wanafunzi na walimu wa Kiswahili kazi iliyopo ni ya namna mbili. Kwanza, neno kutegemeka lishikwe kuwa istilahi ya msingi, na uaminifu uachiwe wanadamu. Pamoja nalo kutegemeana, kutegemeza na kutotegemeana yafundishwe katika somo moja, si katika sura zilizo mbali. Pili, yakusanywe maarifa ya mafundi wa Nzilo, Nseke na Kamoto, kwa Kiswahili chao wenyewe, pamoja na pane zao na vyuma vyao vilivyochoka, wakati wenye kuyajua wangali hai. Maarifa yaliyomo katika kichwa cha mtu mmoja ni mfumo wa sehemu moja, na umri wake unajulikana.